Usinijibie Tena, Mama

Kumsenga, Kibondo
14 Machi 1976

Mwanangu Esteri, Mama Rosa,

Mwakeye. Hii ni barua ya kwanza naandika kwa mkono wangu bila kumwomba mtu. Kwenye kisomo wamenipa cheti, mimi na wenzangu sita, na mwalimu alisema naandika vizuri kuliko wanaume wawili waliokaa nyuma yangu. Ukiona herufi zimepanda mlima usicheke, mkono huu umezoea jembe.

Hapa tu wazima. Goti la kushoto linanisumbua mvua ikinyesha. Baba yako mkubwa Ndihokubwayo amehamia karibu na barabara kama serikali ilivyotaka, anasema jirani akikohoa na yeye anaamka. Maharage yamechanua. Je, Rosa ameacha kunyonya kidole? Anakula? Usimpe muhogo mbichi, hata akilia.

Sasa neno lenyewe. Mumeo Kipriani ameniandikia. Barua nzuri, amenisalimu kwa heshima mpaka nikaona haya. Anasema siku hizi unasahau sana, chungu kinaungua, funguo za ofisi yake zinapotea, na ukiulizwa unalia na kusema si wewe. Anasema hajakasirika. Ananiuliza tu mimi niliyekuzaa kama ulikuwa hivyo tangu utoto.

Mwanangu, ulikuwa hivyo, mimi si wa kuficha. Hata yule mbuzi mwenye mimba ulimsahau nje fisi akamla, ulipokuwa na miaka tisa. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuchapa mpaka nikamshika mkono. Mpe mumeo hadithi hiyo mcheke wote. Bwana shamba mzima, mtu wa pikipiki, hapigi, halewi, anakuvumilia. Wenzako hapa wanalia kwa mambo makubwa. Tulia, fuata anachosema, acha kulialia.

Ni mimi Theodosia mama yako, nimeandika mwenyewe mpaka hapa mwisho.


Makere, Kasulu
4 Aprili 1976

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi sote hatujambo, na tunatumaini nanyi hamjambo. Barua yako imefika na mume wangu alinisomea. Amefurahi sana kwa cheti chako na anakupa hongera.

Ni kweli ninasahau. Nasikitika kwa usumbufu ninaompa mume wangu, ambaye ni mvumilivu. Kila jioni ananiuliza niliyofanya mchana na kunisahihisha. Nisamehe kwa kukutia wasiwasi. Ukitaka kuandika tena, andika kwake kupitia ofisini, maana mimi barua naweza kuzipoteza.

Nisamehe kwa makosa yote.

Binti yako, Esteri.


Kumsenga, Kibondo
2 Mei 1976

Mwana wanje, mwanangu Esteri,

Tu wazima, goti limetulia, tumevuna mboga za kutosha. Barua hii sikuipeleka ofisini kwa mtu. Nimempa Hilali, yule mwenye lori anayetuletea chumvi na nguo, aiweke dukani kwa mkewe Mwajabu hapo Kasulu mjini. Ukienda sokoni utaikuta.

Nimesoma barua yako mara nyingi kama ninavyosoma kila kitu, polepole, kidole juu ya neno. Alikusomea? Wewe umemaliza darasa la saba. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwasomea wazee wa hapa barua za watoto wao walioko mkongeni, na ukiongeza ya kwako wacheke. Lini umehitaji kusomewa? Na Rosa hukumtaja hata neno. Na umeniomba msamaha, ukaomba tena, wala sijui umenikosea nini.

Barua ile ina mwandiko wako lakini wewe sikukuona ndani. Kama unaumwa sema unaumwa. Mama yako sili vizuri.

Theodosia.


Kasulu mjini, dukani kwa Mwajabu
8 Agosti 1976

Mama,

Shikamoo. Rosa ni mzima, ameacha kidole, kila ndege anamwita kuku. Barua yako imelala hapa tangu Mei kwa sababu sikuruhusiwa kuja sokoni. Leo Kipriani yuko mkutanoni Kigoma. Naandika haraka, ukikuta nimerudia maneno univumilie.

Nataka unijibu kitu kimoja tu. Yule mbuzi. Mimi nakumbuka wewe uliniambia nimwache amefungwa nje, kwa sababu alikuwa karibu kuzaa na wenzake wangemkanyaga, na ukasema utamwingiza mwenyewe. Nakumbuka hata ulikuwa unapepeta maharage. Lakini barua yako inasema nilisahau. Kipriani amenisomea hapo siku nyingi. Anasema, "Unaona? Hata mama yako." Kwa hiyo labda hayo ya kupepeta nimeyatunga. Na kama nimeyatunga hayo, mengine je?

Sijui nikuelezeje. Hapigi, ni kweli. Naweka funguo msumarini, baadaye hazipo. Ananitazama nikitafuta nyumba nzima, nachambua hata majivu, halafu anazitoa kwenye kapu langu la mboga mbele ya wageni na kunipapasa kichwa kama mtoto. Wageni wanamwambia Mungu amzidishie subira. Mwezi wa sita nilinunua daftari, nikawa naandika: funguo nimeweka msumarini, saa nne. Akalipata. Hakugomba. Aliwasomea wageni wake ukurasa kwa ukurasa, akiigiza sauti yangu, wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Kisha akaacha kusema nami siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaniletea kitenge. Na mimi, Mama, nililia kwa furaha, nikamshukuru kwa magoti. Hilo linanitia aibu kuliko yote.

Sasa hivi Mwajabu ameniuliza kama nataka chai au uji. Nimeshindwa kujibu. Nilikuwa nawaza angependa niseme kipi.

Niambie kuhusu mbuzi. Usinionee huruma, niambie ilivyokuwa.

Esteri.


Kumsenga, Kibondo
22 Agosti 1976

Esteri, mwana wanje,

Tu wazima, na leo salamu ni hizo tu. Barua yako nimeisoma siku mbili. Siku ya pili nilitoka na jembe nikalima udongo mkavu wa Agosti, watu wakaniuliza kama nimerukwa na akili.

Hukumsahau mbuzi. Aliyesahau ni mimi. Nilikuwa napepeta maharage, ni kweli, nikakuambia mwache nje nitamwingiza. Wakaja wageni, nikapitiwa. Asubuhi tukakuta kamba na damu. Baba yako akauliza nani, mimi nikanyamaza, naye akakutazama wewe. Nilimwogopa. Nilisema moyoni, mtoto akichapwa yataisha leo, nikichapwa mimi yataendelea mwezi mzima. Sikumshika mkono pia, hilo nalo niliongeza. Miaka ilivyokwenda nikaisimulia kama kichekesho mpaka nikaiamini mwenyewe, na kwenye barua yangu ya kwanza, kwa herufi nilizojifunza kwa taabu, nikaandika uongo huo na kumpa mtu akupige nao.

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Yule mtu alikaa kwenye mkeka wangu akasifia ugali wangu. Alinibebea mzigo wa kuni njia nzima, mwanaume, watu wakitazama, na mimi nikamtangaza kisimani mwezi mzima kwamba sijaona mkwe kama yeye. Kumbe alikuwa ananunua midomo yetu. Siku akikugeuka, nani angekusikiliza? Angekuvunja mkono majirani wangeuona. Yeye amekuvunja mahali ambapo hata wewe mwenyewe huwezi kupaonyesha kwa kidole, na wageni wanampa pole yeye.

Sikiliza, naandika kwa herufi kubwa: FUNGUO ULIWEKA MSUMARINI. Huna ugonjwa. Ulichokiona umekiona. Na ile furaha ya kitenge usiionee aibu, mtu aliyekaa na kiu siku kumi na moja humshukuru yeyote mwenye maji, hata kama ndiye aliyeziba kisima.

Mchukue Rosa njoo nyumbani. Usichukue hata sufuria.

Mama yako.


Kasulu mjini
26 Septemba 1976

Mama,

Shikamoo. Rosa anakohoa kidogo. Mwajabu anawasalimu.

Nimetoka Makere. Sikutoka kwa ajili ya barua yako, usijisifu. Nilikuwa natafuta kisu cha jikoni, na Rosa amekaa kizingitini, akaniambia, "Mama kasahau tena, masikini." Sauti ya baba yake hasa, na kichwa amekiinamisha vile vile kama baba yake. Mtoto wa miaka mitatu. Nikambeba mgongoni nikatembea mpaka barabara kuu. Sasa tunalala chumba cha nyuma ya duka, Hilali amekubali.

Kuhusu mbuzi, asante. Nilisoma nikakaa chini juu ya magunia. Kwanza nilifurahi kwamba kichwa changu ni kizima. Hasira ilikuja siku ya tatu, na mpaka leo haijaondoka.

Unasema njoo nyumbani. Nilikuja nyumbani. Mwaka 1974, Rosa hajaota jino, nilikuja kwa miguu na yeye mgongoni. Kipriani akanifuata na wazee wake na mitungi miwili ya pombe ya ndizi kama desturi inavyotaka. Akakaa chini akalia, akasema makosa yote ni yake, ila hakutaja hata moja. Nikaitwa kutoka jikoni. Baba mkubwa akaniuliza mbele ya watu wote, "Esteri, pombe hii tuinywe?" Maana yake unaijua kuliko mimi. Swali lile ni la mwanamke mwenyewe. Akisema msinywe, mitungi inarudi ilikotoka na yeye anabaki kwao, hakuna wa kumlazimisha. Nilikuwa navuta pumzi niseme msinywe. Wewe ukasema, "Kunyweni, mtoto ana aibu tu." Na ukanywa wa kwanza.

Nilirudi naye siku ile ile. Njiani aliniambia, "Umeona wanavyonipenda kwenu?" Hakusema kingine mpaka Makere, na hakuwa na haja.

Kwa hiyo usiniambie njoo nyumbani kama kwamba sikuwahi kubisha hodi.

Jambo la mwisho. Ametangaza kwamba mimi ni kichaa na anamtaka Rosa. Anakuja kwenu, kwa baba mkubwa, ukoo uniamuru nimtoe mtoto. Anasema anao ushahidi. Ushahidi wake ni barua yako ya Machi. Rosa simtoi.

Esteri.


Kumsenga, Kibondo
7 Novemba 1976

Mwanangu Esteri,

Mvua zimeanza, tumeshapanda mahindi na maharage. Hilali nimempa chupa ya asali kwa kikohozi cha Rosa, mpe kijiko asubuhi. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kujitetea, nikakichoma. Ulilosema ni kweli, nilikujibia. Nilipenda kuonekana nina binti aliyeolewa na bwana shamba. Nimetafuta sababu nyingine iliyo nzuri zaidi, sikuipata.

Alikuja Jumapili iliyopita na wazee wanne, suruali imepigwa pasi. Safari hii hapakuwa na mitungi, karatasi tu. Aliniamkia kwa kupiga goti, na majirani wote wametoka nje, si unajua nyumba hizi zilivyosogezwa. Akasema kwa upole hana kinyongo na mtu, anamwombea mke wake apone, ila mtoto hawezi kulelewa na mgonjwa wa akili nyuma ya duka la watu. Akaifungua barua yangu akaisoma. Anasoma vizuri, nakubali. Alipofika kwa fisi watu wakaanza kutikisa vichwa.

Nikasimama. Baba yako mkubwa akaninong'oneza, shemeji keti, tutakuita. Sikuketi. Nikasema barua ni yangu, mkono ni wangu, na yaliyomo ni uongo. Nikaeleza habari ya mbuzi na habari ya fimbo, na nani aliyenyamaza. Wazee wetu wakatazama chini, maana wengi wameicheka hadithi ile nyumbani kwangu. Kipriani hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, akawaambia, "Tumsamehe. Umri umekwenda, na mama naye anasahau."

Esteri, kwa muda wa kumeza mate nilijiuliza kama ni kweli. Mimi, mtu mzima, mlangoni kwangu, jambo lililonichoma miaka yote. Sauti yake ilikuwa nzuri hivyo. Na ilikuwa sentensi moja tu. Na wewe umekula na kulala na sauti hiyo miaka mitano. Hapo ndipo nilipoelewa ulichoandika, kabla ya hapo nilikuwa nakusikitikia tu.

Nilimjibu. Mengine nilisema kwa Kiha, maana Kiswahili changu hakina makali ya kutosha, na sitayaandika. Mwisho nikamwambia ataje mbele ya wazee kosa moja aliloifanyia nyumba yake, moja, hata dogo. Akasema kosa lake ni kumpenda Esteri kupita kiasi. Baba yake mdogo, mzee Pasikali, aliyekuja naye, akasema hilo si kosa, taja jingine. Kipriani akatabasamu. Mzee akasema tena, "Taja basi, mwanangu, twende nyumbani." Ndipo uso ulipobadilika. Alimwita baba yake mdogo mjinga asiyejua kusoma, anayekuja kunywa chai yake na kunuka jasho kwenye viti vyake, akamwambia mengi, mbele ya wote, na wote tukauona uso unaouona wewe ndani. Kisha akaurudisha ule mwingine, akaomba radhi vizuri sana. Lakini mzee Pasikali alikuwa ameshavaa kofia yake.

Wazee wamesema mtoto wa miaka mitatu anabaki kwa mama yake, asiyeridhika aende mahakamani akasomewe sheria. Aliondoka na pikipiki, wazee wake wakaenda kwa miguu kutafuta basi. Wapo wanaosema hapa kwamba nimemwaibisha kijana wa watu. Wapo, na wataendelea.

Sasa nakuuliza, sikuamuru. Chumba cha nyuma nimekikandika upya na nimetengeneza kitanda cha fito. Utakuja?

Mama yako, Theodosia.


Kasulu mjini
21 Novemba 1976

Mama,

Shikamoo. Asali imefika, kikohozi kimeisha, sasa Rosa anajifanya anakohoa apewe tena.

Barua yako nilimsomea Mwajabu kwa sauti. Kwenye ile suruali ya pasi alipiga makofi akanitaka nirudie. Nafanya kazi hapa dukani, napima mawese. Mteja akinikanyaga naomba radhi mimi. Juzi nilimwomba Mwajabu ruhusa ya kunywa maji, akaniambia, "Na kupumua nikupe kibali?" Nikacheka. Halafu nikaziba mdomo, nikageuka kutazama nani ananiigiza. Hapakuwa na mtu. Inachosha, Mama. Nilidhani nikitoka mlangoni kwake yatabaki kule. Rosa akisema lile neno la kusahau naanza kutafuta hata kisichopotea, na yeye hajui, anaona ni mchezo. Na zipo siku namtamani Kipriani, yule wa siku ya kumi na mbili. Usinigombeze kwa hilo. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Nashukuru kwa uliyosema mbele ya watu. Najua utaishi nayo hapo kijijini. Lakini hayajaniondolea hasira, na nimechoka kujifanya sina hasira kila mtu anaponitendea wema. Nimejifanya hivyo miaka mitano kwa Kipriani, sitaanza upya kwako. Nilikuwa na miaka tisa, Mama. Ulinitazama nikichapwa.

Umeniuliza kama nitakuja. Nimekaa na swali lako siku nne. Sikumuuliza Mwajabu wala Hilali. Siji. Siji Krismasi wala siji kwenye mavuno. Siku nikitaka kuja nitakuja mwenyewe, na sijui ni lini, na usimtume mtu.

Esteri.


Kumsenga, Kibondo
12 Desemba 1976

Mwanangu Esteri,

Tu wazima. Mahindi yamefika kiunoni, nguchiro wanatusumbua kwenye kuku. Mwambie Rosa kwamba asali ni ya wanaokohoa kweli, kisha umpe.

Jibu lako lilifika Alhamisi. Nililisoma nimesimama. Limeniuma, sitakuambia halikuniuma, na nimekukasirikia pia. Niliandika karatasi nzima ya kukuonyesha nilivyokandika chumba kile na goti hili. Nimeichana. Hii ni ya pili.

Jana alikuja baba yako mkubwa na wazee wawili. Wamesikia huji. Wanasema ni fedheha kwa ukoo binti yao kukaa nyuma ya duka kama gunia, kwamba watapanda basi waje wakuchukue, na kwamba ukiwaona watu wazima wamesimama mlangoni utafuata tu. Ila wanataka kwanza neno langu, maana mama akisema mtoto amekubali hakuna atakayeuliza zaidi. Wakakaa wakinitazama. Nilijua wanachotaka niseme, na Mungu anajua na mimi nilikitaka.

Nikawaambia, "Esteri ameulizwa. Amesema hapana."

Baba yako mkubwa akasema hiyo ni hasira, labda ningeandika tena nikubembeleze kidogo. Nikamwambia kuandika najua, na siandiki. Wakanywa uji wakaondoka, hawakuaga vizuri.

Hawatakuja Kasulu. Barua hii haina swali ndani yake, usipotaka kuijibu usiijibu.

Theodosia, mama yako.